Pankeki ndogo za limao na matunda: kwa nini zinanywea Mbeya, na kipimo kinachofaa huku juu

Swali: Habari za kazi. Niko Uyole, Mbeya. Dada yangu wa Dar es Salaam alinitumia kipimo cha pankeki ndogo za limao na matunda: unga wa ngano vikombe viwili, beking pauda vijiko viwili vya chai, beking soda nusu kijiko, maziwa, yai, maji ya limao moja na ganda lake, halafu kikombe cha matunda yaliyokatwakatwa. Zake zinapendeza. Zangu zinapanda kwa fujo kikaangoni, nikizigeuza zinanywea, na katikati zinabaki mbichi. Nimerudia mara tatu. Mara ya mwisho nikaongeza beking soda ikafika kijiko kizima ili ziumuke. Zikatoka na weusi, zina uchungu na ladha kama ya sabuni. Limao langu lilikuwa kavu, lilitoa maji kama kijiko kimoja cha chakula. Natumia nanasi na ndizi mbivu, jiko la mkaa, na huwa nakoroga rojo kwanza ndipo nawasha mkaa. Kosa liko wapi?

Jibu: Dada, kipimo ulichotumiwa si kibaya. Ni cha Dar es Salaam na kinafaa hukohuko. Wewe ulikipandisha hadi mita 1,700 bila kukipunguza, na kilipokusumbua ukakiongezea kitu kilekile kilichokuwa kimezidi. Lakini hilo ni moja tu. Uchungu una chanzo chake, sabuni ina chanzo chake, na ubichi wa katikati nao una chanzo chake. Nianze na limao, maana ndilo wanalolikosea hata wa pwani.

Harufu ya limao na ukali wa limao havikai mahali pamoja. Harufu iko kwenye mafuta yaliyomo ndani ya vijifuko vidogo vya ganda la nje, lile la njano au la kijani. Minya kipande cha ganda karibu na mwali wa kibiriti utaona cheche zinaruka: ndiyo hayo mafuta. Maji ya ndani yana asidi nyingi na harufu kidogo sana, na hata hiyo kidogo hupotea kikaango kikishika moto. Kwa hiyo anayetaka pankeki inukie limao akaongeza maji ya limao, anachoongeza ni asidi na majimaji tu. Rojo linalegea, harufu haiji. Weka ganda kwa ajili ya harufu. Maji ya limao yawe kwa ajili ya kuliumua rojo, tena kwa kipimo. Ule ukali unaopendeza ulimini uutafute kwenye mchuzi wa kumwagia juu, nitaueleza baadaye.

Chini ya ganda la rangi kuna nyama nyeupe kama sponji. Huo ndio uchungu wako. Moto hauuondoi, sukari haiufichi. Tumia upande wa grata wenye matundu madogo kabisa, pitisha limao mara moja au mbili mahali pamoja, geuza, endelea. Ukiona weupe umetokeza, umeshachelewa hapo, sogea. Malimao mengi ya huku ni yale ya ganda nene lenye matuta. Kwenye hayo kwaruza migongo ya matuta tu, mabonde yaache. Lioshe kwanza kwa maji ya vuguvugu ukilisugua kwa brashi au kitambaa kigumu, kisha likaushe kabisa, kwa sababu ganda bichi la maji hugandamana kwenye meno ya grata na utajikuta unakandamiza hadi kwenye weupe bila kujua. Na kwaruza kabla ya kukata na kukamua. Limao lililokwisha kukamuliwa limelegea, halikwaruziki.

Ndimu pia inafaa, ila ganda lake ni jembamba sana na harufu yake ni kali zaidi. Tumia nusu ya kiasi. Chungwa na chenza vina harufu ya utamu ambayo watoto huipenda kuliko limao. Ninavyoona mimi, mchanganyiko mzuri kuliko yote ni ganda la limao moja na la chungwa moja. Chenza lina ganda legelege lisilokwaruzika vizuri: limenye, kwangua weupe wote kwa ncha ya kijiko, kisha katakata ganda kwa kisu kikali mpaka liwe kama majani ya chai.

Ganda likishakwaruzwa, usilitupe tu kwenye rojo. Liweke kwenye bakuli kavu pamoja na sukari ya kipimo chako, usugue kwa ncha za vidole kama anayesugua chumvi kwenye samaki, dakika moja hadi mbili. Chembe za sukari zina ncha kali, zinapasua vile vijifuko vya mafuta. Utaona sukari inabadilika: inakuwa na unyevu kidogo kama mchanga wa mtoni, inashika rangi ya njano hafifu, na ghafla jikoni kote kunanukia. Hapo acha. Ganda moja lililosuguliwa hivi hunukia kuliko maganda mawili yaliyomwagwa tu kwenye unga, na hatua hii haigharimu kitu.

Sasa sabuni. Beking soda ni alkali, yaani kinyume cha asidi. Ikikutana na asidi, viwili hivyo humalizana na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na gesi ndiyo inayoinua pankeki. Soda ikizidi asidi, inayobaki huvunjika kwa joto la kikaango na kuacha chumvi ya alkali, ile ladha ya sabuni inayokaa nyuma ya ulimi. Uwiano ni huu, na unafaa kuukariri: maji ya limao kijiko kimoja cha chakula, yaani mililita 15, humaliza beking soda robo kijiko cha chai. Dada yako aliandika "limao moja" na nusu kijiko cha soda. Limao lenye maji hutoa vijiko viwili vya chakula au zaidi, kwa hiyo kwake hesabu inatimia. Lako lilitoa kijiko kimoja, nawe ukapandisha soda hadi kijiko kizima. Robo ilipata asidi, robo tatu zikabaki. Ndiyo sababu usipime limao kwa idadi. Pima maji yake.

Weusi nao ni kazi ya soda hiyohiyo. Rojo lenye alkali huungua rangi haraka, na ukiweka ndizi mbivu yenye sukari nyingi, nje inakuwa kahawia nzito kabla ndani hapajashika. Ukitumia stroberi au zambarau kwenye rojo la namna hiyo utaona ajabu nyingine: rangi nyekundu inageuka buluu ya majivu, hata kijani. Halidhuru, ila hakuna mtoto atakayeligusa.

Machungwa hayana asidi nyingi kama limao. Ili kumaliza robo kijiko ya soda utahitaji maji ya chungwa vijiko sita hivi vya chakula, na hayo lazima uyatoe kwenye kipimo cha maziwa. Tena yakamue wakati wa kutumia. Maji ya baadhi ya machungwa yakikaa saa kadhaa hujenga uchungu ambao hayakuwa nao yalipokamuliwa. Mtindi uko vizuri kuliko vyote kwa pankeki: kikombe kimoja humaliza soda nusu kijiko cha chai. Ukiwa nao, kwenye kipimo nitakachokupa hapo chini acha maziwa na maji ya limao, weka mtindi kikombe kimoja, soda nusu kijiko, beking pauda nusu kijiko, basi. Mtindi mzito sana ulegeze kwa maji vijiko viwili vitatu.

Tuje kwenye kupanda na kunywea. Hewa ya Mbeya ni nyepesi kuliko ya pwani. Mgandamizo wake ni kama asilimia 82 ya ule wa usawa wa bahari. Kiputo kilekile cha gesi kinachovimba Dar es Salaam, kwako kinavimba zaidi kwa kiasi cha moja ya tano. Kinapanuka haraka, kuta zake zinakuwa nyembamba, zinapasuka kabla yai na unga havijaganda kuzishikilia. Unaona pankeki imepanda kwa fujo, unafurahi, unaigeuza, inakaa chini kama mpira uliotobolewa. Dawa ni kupunguza kiumuaji, na kumpa mshikaji nguvu, yaani yai. Kwa unga gramu 200, anayepika Kyela, ambako ni kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari, anaweza kwenda na kipimo cha pwani bila shida. Mbeya na Iringa punguza beking pauda kwa robo hadi theluthi. Njombe na Makete, ambako ni juu zaidi na baridi zaidi, punguza hadi karibu nusu.

Wengi huku hudhani ubichi wa katikati unatokana na maji kuchemka mapema. Ni kweli kwamba Mbeya maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100, na ndiyo maana maharage yanakula mkaa wote. Lakini wanga wa ngano na yai huiva chini ya nyuzi 85. Kipankeki hakina sababu ya kubaki kibichi kwa ajili ya mwinuko. Kinabaki kibichi kwa sababu kikaango kimepata moto kupita kiasi, nje ikakimbia na ndani ikaachwa, au kwa sababu ya maji ya matunda. Kwako ni vyote viwili, maana nanasi bichi linachuruzika.

Kipimo chenyewe, kwa Mbeya na Iringa, kinachotoa vipankeki 16 hadi 18 vya upana wa sentimita 7 au 8, ukubwa wa mdomo wa kikombe cha chai: unga wa ngano gramu 200, ambao ni kikombe kimoja na nusu cha mililita 250, usioshindiliwa. Sukari vijiko viwili vya chakula, iliyosuguliwa na ganda la limao moja na la chungwa moja. Beking pauda kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha kwa kisu, kisicho na kilima. Beking soda robo kijiko cha chai. Chumvi robo kijiko. Maziwa kikombe kimoja, na vijiko viwili vingine viwe pembeni. Maji ya limao kijiko kimoja cha chakula. Yai moja kubwa la kisasa, au ya kienyeji mawili madogo. Siagi iliyoyeyushwa au mafuta ya alizeti vijiko viwili vya chakula. Matunda yaliyokatwa, gramu 150, si zaidi. Ni kama kikombe kimoja kisichojaa.

Vikombe vya nyumbani vinadanganya, kimoja ni mililita 200 na kingine 350. Chupa ya maji ya nusu lita itakusaidia: nusu yake ndicho kikombe chetu. Kwa vijiko vidogo, bomba la kunyweshea mtoto dawa, lile lisilo na sindano, la mililita 5, ni sawasawa na kijiko cha chai. Kwa limao vuta mara tatu. Vijiko vya mezani vya kulia wali vingi havifiki mililita 15, kwa hiyo usivitumie kwa soda na asidi, ambako kosa dogo linaonekana.

Unga nao usome paketi. Kuna unga uliokwisha kutiwa kiumuaji kiwandani. Ukiutumia huo halafu ukaongeza wako, umerudi palepale. Na jaribu beking pauda yako kabla ya kuilaumu: tia nusu kijiko kwenye maji ya moto kidogo. Isipotoa povu la nguvu papo hapo, imekufa, hasa kama ilinunuliwa kwenye kipakiti kilichofunguliwa na kufungwa kwa kamba. Soda ijaribu kwa tone la limao.

Washa mkaa kwanza. Hili ni kosa dogo ambalo limekugharimu zaidi ya unavyofikiri: soda na limao huanza kutoa gesi zinapolowana tu, hazisubiri moto. Ukikoroga kisha ukaanza kupepea mkaa nusu saa, gesi yote imeshatoka, kilichobaki ni uji. Ndiyo sababu pengine ile mara ya kwanza ulihisi haziumuki vya kutosha ukakimbilia kuongeza. Mkaa ukishakolea na kuvaa majivu meupe, ndipo unagusa maziwa.

Chekecha unga, beking pauda, soda na chumvi pamoja, mara mbili, kwa sababu bonge moja la soda lisilochekechwa ni tonge moja la sabuni. Changanya na ile sukari yenye ganda. Kwenye bakuli jingine piga yai, maziwa na siagi. Miezi ya Juni na Julai, maziwa yaliyolala jikoni Mbeya ni ya baridi kiasi cha kuigandisha siagi papo hapo. Utaona vipande vya nta vinaelea. Yapashe maziwa yawe vuguvugu tu, kidole kisishtuke. Yakiwa ya moto, limao litayakata mabonge makubwa. Maji ya limao yatie mwisho, ukoroge mara mbili tatu. Maziwa yataonekana yamekatika kidogo, usiogope, ndivyo inavyotakiwa.

Fanya shimo katikati ya unga, mimina majimaji yote kwa mkupuo, koroga kwa mwiko au mchapo kutoka chini kwenda juu, mizunguko kumi na miwili hadi kumi na mitano. Acha. Mabonge madogo kama punje za mtama yaache, yatajimaliza. Anayekoroga mpaka rojo liwe laini kama losheni ameuamsha ule mnato wa ngano unaotakiwa kwenye chapati, na pankeki itatoka ngumu ya kuvutika. Rojo zuri ni zito kuliko uji wa ulezi wa kunywa: ukiliinua kwa kijiko linaanguka kwa vipande, na alama yake juu hukaa sekunde mbili tatu kabla ya kuzama. Likiwa zito kuliko hapo, tumia vile vijiko viwili vya maziwa vilivyobaki. Unga wetu wa kiangazi ni mkavu, mara nyingi utavihitaji. Liache dakika tano. Likifika dakika ishirini liwe limeshaanza kupikwa.

Matunda usiyachanganye kwenye bakuli. Nasema hivyo nikijua kipimo chako kinasema uyachanganye. Yakikaa kwenye rojo yanatoa maji, rojo linalegea kila dakika, na kipankeki cha mwisho hakifanani na cha kwanza. Isitoshe, kipande kinachoshuka hadi chini hugusa chuma, sukari yake inaungua na kushika. Huko ndiko kushika kikaango kunakotokea. Badala yake: mimina kijiko kimoja na nusu cha chakula cha rojo, subiri sekunde kumi hivi lijitandaze, panga juu vipande vitatu vinne vya tunda, kisha dondoshea juu ya vipande hivyo rojo kidogo sana, nusu kijiko cha chai. Tone hilo la rojo ndilo linalozuia tunda lisiguse chuma unapogeuza. Inachukua muda kidogo zaidi, lakini hutakwangua kikaango tena.

Vipande viwe vya nusu sentimita, usizidishe. Mapichi ni tunda la kufaa kabisa kwa kazi hii, yakiwa yameiva lakini bado yanakinza kisu. Yamenye, yakate, yaweke juu ya kitambaa safi dakika tano. Tufaha la Njombe lipitishe kwenye grata ya matundu makubwa ulikamue kwa mkono. Hili peke yake laweza kuingia kwenye rojo moja kwa moja. Ndizi kisukari ikate visahani vyembamba badala ya kuiponda, maana iliyopondwa huongeza sukari na unyevu kila mahali na kuleta ule weusi. Nanasi liivishe kwanza: lina kimeng'enya kinachokula protini, na likiwa bichi linayakata maziwa na kuyapa uchungu yakikaa nalo. Likatekate, liweke kwenye kikaango kikavu dakika nne au tano mpaka maji yake yakauke na kingo zishike rangi, lipoe, basi linakuwa tunda jingine kabisa. Papai lina tabia hiyohiyo na halina ukali wa kuipa pankeki uhai, mimi ningeliacha. Parachichi, kwa vile Rungwe na Njombe limejaa, watu hulijaribu kwenye kila kitu. Likipata moto hugeuka chungu. Ulile likiwa baridi, pembeni ya sahani, na chumvi.

Kikaango kizito cha chuma ni bora kuliko chepesi, hasa juu ya mkaa usiotulia. Tandaza makaa yawe tabaka moja, funga mlango wa chini wa jiko ubaki upenyo wa kidole, bandika kikaango dakika tatu. Paka mafuta kwa kitambaa au kipande cha kitunguu kilichochomwa kwa uma, yang'ae tu, yasitiririke. Mafuta mengi hukaanga kingo kama maandazi. Nyunyiza matone ya maji: yakiruka na kupotea kwa sekunde mbili tatu, moto ni mzuri, yakikimbia kama shanga bila kukauka, epua usubiri. Kwa gesi, moto wa chini ya wastani, na mtungi mdogo wenye jiko la juu kwa juu huchoma katikati peke yake, kwa hiyo zungusha kikaango kila baada ya nusu dakika.

Kipankeki cha kwanza ni cha kupimia moto. Kipike kimoja peke yake. Baada ya dakika moja na nusu nyanyua ukingo. Kikiwa tayari kahawia ilhali juu bado panang'aa maji, moto ni mkali, toa makaa mawili. Kikiwa cheupe hata baada ya dakika tatu, fungua mlango wa jiko. Kinachotakiwa ni hiki: vijitundu vinatokea juu, vya pembeni vinapasuka na kubaki wazi bila kujifunga, na ukingo unapoteza mng'ao kwa upana wa nusu sentimita. Hapo geuza, mara moja tu, kwa mwiko bapa, bila kukandamiza. Wengi hukandamiza, na wanaikamua gesi yote waliyoihangaikia. Upande wa pili dakika moja hadi moja na nusu. Gusa katikati kwa kidole: kikirudi juu kimeiva, kikibaki na shimo bado. Kila baada ya awamu futa kikaango kwa kitambaa kikavu ndipo upake mafuta tena, kwa sababu chembe za sukari zilizoungua ndizo zinazotia madoa meusi awamu inayofuata.

Usivirundike sahanini vikiwa vya moto, wala usivifungie kwenye hotpoti mara moja. Mvuke unarudi chini na kuvifanya vilowe. Vitandaze juu ya ungo au chekecheo dakika mbili, kisha hotpoti yenye kitambaa chini na kitambaa juu itavitunza nusu saa.

Ule ukali niliokuahidi: kamua pasheni nne, chuja, rudisha mbegu kijiko kimoja kama watu wa nyumbani kwako hawazichukii, ongeza maji ya chungwa kubwa moja na sukari vijiko vitatu vya chakula. Chemsha kwenye sufuria ndogo bila kufunika, dakika saba hadi kumi, mpaka ubaki karibu nusu na uvike mgongo wa kijiko. Epua, tia siagi ya ukubwa wa harage na maji ya limao kijiko kimoja cha chai. Limao liingie baada ya kuepua ili libaki na ukali wake mpya. Mchuzi ukipoa huwa mzito zaidi, kwa hiyo usingoje uwe mzito jikoni, utageuka peremende. Sufuria ya alumini iliyokwaruzika iepuke kwa mchuzi huu, asidi huutia mchuzi ladha ya bati. Ya chuma kisichoshika kutu au yenye rangi ya kioo ndiyo nzuri.

Rojo likibaki, usilitunze kwa ajili ya pankeki za kesho, gesi itakuwa imekwisha. Lifunike, liweke mahali pa baridi, asubuhi lilegeze kwa maziwa mpaka litiririke, ongeza chumvi kidogo, upike chapati za maji nyembamba. Harufu ya ganda itakuwa imezidi kukolea usiku, na zikiliwa na chai ya rangi zinapendeza kuliko pankeki zenyewe.